Joseph Kabasele, Mwimbaji wa Léopoldville

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma maisha ya wafalme, maaskofu, waganga na wasafiri waliozipitia nchi zetu zamani. Mara hii naleta maisha ya mtu wa namna nyingine. Kazi yake aliifanya usiku, katika mabaa ya mji wa nchi jirani, mbele ya watu waliokaa na chupa za bia mezani. Najua wako wasomaji watakaouliza kama mtu wa baa anastahili kuandikwa katika gazeti la shule ya misheni. Nawaomba wasome mpaka mwisho, ndipo wahukumu.

Joseph Kabasele Tshamala alizaliwa tarehe 16 Desemba 1930 huko Matadi, bandari ya Kongo iliyo karibu na mdomo wa mto. Alikulia Léopoldville, mji mkuu wa Kongo ya Wabelgiji, ambao tangu 1966 unaitwa Kinshasa. Nyumba yao ilikuwa ya watu wa dini, na tangu utotoni aliimba katika kwaya ya kanisa. Mmoja wa jamaa zake alikuwa Padre Joseph Malula, yule ambaye mwaka 1969 alifanywa Kardinali wa kwanza wa nchi ile, na ambaye alipigania sana ngoma na nyimbo za Kiafrika ziingie katika Misa. Basi ukoo mmoja ulitoa watu wawili: mmoja aliipeleka ngoma altareni, na mwenzake akaipeleka sauti ya kwaya katika baa.

Kabasele alisoma sekondari miaka kadhaa, kisha akapata kazi ya karani wa kupiga taipu. Siku zile kazi ya ukarani ilikuwa heshima kubwa. Karani alivaa shati jeupe na tai, alijua Kifaransa, na mshahara wake haukukosa kuja mwisho wa mwezi. Wazee wetu waliosoma katika shule hii wanajua maneno hayo kuliko mimi. Kijana kuiacha kazi kama ile ili aende kuimba ilionekana kuwa ni wazimu.

Lakini ili tumwelewe, yatupasa kwanza tuutazame mji wenyewe. Léopoldville ilikuwa miji miwili ndani ya mmoja. Upande wa mto palikuwa na mji wa Wazungu, wenye maduka, ofisi na miti iliyopandwa kwa mstari. Upande wa ndani palikuwa na Cité, mji wa Waafrika, wenye mitaa kama Kintambo, Barumbu na Dendale. Kati ya miji hiyo miwili waliacha ardhi wazi, pamoja na uwanja wa gofu na bustani, ili watu wasichanganyikane. Ikifika saa tatu ya usiku, Mwafrika asiye na kibali alikatazwa kuonekana upande wa Wazungu. Basi kazi za mchana zilifanyika upande mmoja, na maisha ya usiku yakawa upande wa pili.

Tena mji ulikuwa unajaa upesi mno. Mwaka 1940 ulikuwa na watu yapata 50,000. Ilipofika 1960 walikuwa karibu 400,000. Walikuja kutoka kila jimbo, wengi wao vijana wa kiume, hawana shangazi wala mjomba wa kuwapokea. Baa ndiyo iliyokuwa baraza yao. Kwa kawaida ilikuwa ua wenye ukuta mfupi, viti na meza za chuma, taa za rangi zilizofungwa juu ya kamba, na sakafu ya saruji ya kuchezea dansi chini ya nyota. Hapo mtu alipata habari za kwao, alisikia wapi kuna kazi, alilipa deni, alikutana na mchumba. Hapo vyama vya kusaidiana vilikusanya michango ya mazishi. Wanawake nao walikuwa na vyama vyao, wakaja wamevaa sare za vitambaa vizuri, na mwenye baa aliwakaribisha kwa furaha, maana walipo wao wateja hawakosekani.

Viwanda vya bia vilijua jambo hilo vizuri. Bia ya Primus ilianza kutengenezwa pale mwaka 1926, na baadaye ikaja bia ya Polar kushindana nayo. Kila moja ilitaka mabaa na wapiga muziki wawe upande wake. Mtu mmoja aliyezunguka katika mabaa hayo kuisifu Polar, miaka ya 1957 na 1958, alikuwa Patrice Lumumba. Alikuwa ametoka Stanleyville, na kazi hiyo ya bia ilimjulisha kwa watu wengi wa mji kabla hajawa Waziri Mkuu. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba katika mabaa yale palikuwa na ulevi tu.

Muziki wenyewe ulipita njia ndefu. Watumwa waliochukuliwa kutoka pande za Kongo walikuwa wamefika na ngoma zao katika kisiwa cha Kuba. Tangu 1933 santuri za Kuba zilianza kuuzwa Afrika, na watu wa Léopoldville walipozisikia walitambua mapigo yale kama mtu atambuavyo sauti ya ndugu aliyepotea. Wakaanza kuzifuata kwa gitaa, na maneno wakatia ya Kilingala. Wafanya biashara Wagiriki na Wayahudi wakaona faida, wakafungua nyumba za kutia sauti katika santuri: Ngoma, Opika, Loningisa. Mchana wapiga muziki walifanya kazi humo, usiku wakaenda kwenye mabaa.

Kabasele aliingia Opika, na mwaka 1953 akaunda bendi yake, African Jazz. Wenzake walikuwa mabingwa, hasa ndugu wawili wapiga gitaa, Charles Mwamba aitwaye Dechaud, na Nicolas Kasanda, aliyejiunga akiwa bado mwanafunzi na ambaye baadaye dunia ilimwita Docteur Nico. Magitaa ya umeme yalikuwa mageni siku hizo. Kabasele aliyaweka pamoja na saksafoni, tarumbeta na ngoma za Kikuba, na juu ya vyote akaweka sauti yake laini, iliyofundishwa kanisani kushika tuni na kutamka kila neno wazi. Hakupiga kelele. Wimbo wake Parafifi ulipendwa pande zote mbili za mto, Léopoldville na Brazzaville. Watu wakamwita Kallé, na baadaye Grand Kallé, yaani Kallé Mkuu.

Hakubaki peke yake uwanjani. Tarehe 6 Juni 1956 bendi nyingine ilizaliwa katika O.K. Bar, iliyokuwa mali ya Oscar Kashama, na kwa jina la baa ikaitwa O.K. Jazz. Ndimo alimokuwa kijana François Luambo, aitwaye Franco. Mji ukagawanyika: huyu wa African Jazz, yule wa O.K. Jazz, kama watu wagawanyikavyo kwa timu za mpira. Wapenzi wa Kallé walisema muziki wake ni wa watu wastaarabu. Wapenzi wa Franco wakajibu kwamba wa kwao una ladha ya mtaani. Mashindano hayo yaliwafaa wasikilizaji, kwa sababu kila upande ulijitahidi kuushinda mwingine.

Sasa naifikia saa kubwa ya maisha yake. Tarehe 4 Januari 1959 fujo kubwa zilitokea Léopoldville baada ya mkutano wa chama cha ABAKO kukatazwa, na watu wengi wakauawa. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Januari 1960, viongozi wa Kongo walikutana na serikali ya Ubelgiji mjini Brussels, katika mkutano ulioitwa wa Meza ya Duara. Kabasele alialikwa kwenda kuwaburudisha. Alisafiri na Nico, Dechaud na wengine, na kwa busara alichukua pia wanamuziki wawili kutoka O.K. Jazz, Vicky Longomba na Brazzos, ili mji wote uwe umewakilishwa. Tarehe 27 Januari siku ya uhuru ilikubaliwa kuwa 30 Juni 1960. Wimbo Indépendance Cha Cha ulitungwa na kupigwa kule kule. Ndani yake Kabasele aliwataja viongozi kwa majina, bila kubagua chama wala kabila: Kasa-Vubu, Lumumba, Bolikango, Kalonji, Tshombe na wengine.

Redio ikauchukua wimbo huo mpaka nchi nyingi za Afrika ambazo bado zilikuwa zinangoja uhuru wao. Watu wasiojua neno moja la Kilingala waliuimba na kuucheza. Lakini angalia yaliyofuata. Hata miezi miwili haikupita baada ya uhuru, Tshombe alikuwa amejitenga na Katanga, na Kalonji na Kasai ya Kusini. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa. Wale waliotajwa pamoja katika wimbo mmoja hawakuweza kukaa pamoja katika nchi moja. Mimi kila nikiusikia wimbo ule, furaha yake hunitia huzuni kidogo, maana mwimbaji aliweza kuwapatanisha kwa dakika tatu tu, na wenyewe wakashindwa.

Jambo jingine alilolifanya mwaka ule wa 1960 halisifiwi sana, nami naliona kubwa. Mpaka wakati huo mpiga muziki aliingia nyumba ya santuri, akaimba, akalipwa, akatoka. Santuri ikiuzwa 100 au 10,000, faida kubwa ilimwendea mwenye nyumba. Kabasele akaanzisha jina lake mwenyewe la santuri, Surboum African Jazz, na sahani zikatengenezwa Ubelgiji. Hata O.K. Jazz, washindani wake, aliwapa nafasi ya kutoa nyimbo zao kwa jina hilo. Kule Brussels alikutana na Manu Dibango wa Kameruni, mpiga saksafoni na kinanda. Alimchukua katika bendi yake, na mwaka 1961 Dibango akaja Léopoldville, ambako pamoja na kupiga muziki alisimamia baa.

Lakini utajiri wa usiku hauna mizizi. Mwaka 1963 wanamuziki wake wakuu, akiwemo Nico na mwimbaji Rochereau, ambaye baadaye aliitwa Tabu Ley, walimwacha wakaunda African Fiesta. Sababu iliyotajwa ilikuwa fedha: walinung'unika kwamba hawapati haki yao. Hapa sitamtetea. Mtu aliyewaonyesha wenzake njia ya kutoka mikononi mwa wafanya biashara alilaumiwa na vijana wake kwa jambo lile lile. Alikusanya wengine akaendelea, akakaa Ulaya kwa muda akipiga muziki na Dibango na wengine, lakini African Jazz ya zamani haikurudi tena. Alifariki tarehe 11 Februari 1983, akiwa na umri wa miaka 52.

Muziki wake haukuishia kwao. Bendi za dansi za Afrika Mashariki zilijifunza magitaa yale kwa redio na santuri, na tangu miaka ya 1960 wanamuziki wengi Wakongo walihamia miji yetu, wakaimba kwa Kiswahili. Desemba 2021 UNESCO iliitia rumba ya Kongo, ya Kinshasa na ya Brazzaville, katika orodha ya urithi wa wanadamu wote.

Muhula uliopita, katika chama chetu cha mijadala, tulishindana kwa hoja kwamba baa huharibu vijana. Nilisimama upande wa waliokubali, na hata leo sijaiacha hoja hiyo, kwa sababu nimeona katika mtaa wetu wa nyumbani mishahara inayoishia mezani kabla haijafika jikoni. Lakini maisha ya Kabasele yamenifundisha kutenganisha mambo mawili. Watu hawakwenda kwenye ua zile kwa sababu ya bia peke yake. Walikwenda kwa sababu ndipo palipokuwa pahali pao, ambapo waliweza kukaa kama watu, wakacheza na wakasikia lugha yao ikiimbwa vizuri. Anayetaka kuwatoa vijana katika baa na awape kwanza pahali pengine pa kukutana, penye muziki mzuri. Kufunga mlango tu hakutoshi.

Na kwa wanafunzi wenzangu walio katika kwaya nasema hivi. Sauti ya Kabasele ilifundishwa katika mazoezi ya jioni kama yetu, yale ambayo wengine huyakimbia kwenda mpirani. Hakuna ajuaye zoezi la leo litamfikisha mtu wapi. Jamaa yake alifika kwenye Ukardinali, naye alifika kwenye meza walipokaa waanzilishi wa taifa, akawaimbia majina yao yote bila kumwacha mtu nje. Ndiyo sababu nimethubutu kumtia katika kurasa hizi, karibu na maaskofu na wafalme.