SAYYID BARGHASH NA GARIMOSHI LA CHUKWANI

Wengi wetu tunamjua Sayyid Barghash bin Said kwa jumba la Beit-el-Ajaib alilolijenga mwaka 1883 pale Forodhani. Mimi nataka kuwasimulia habari zake kwa njia ya magurudumu, maana habari hizo ndizo zilizonifumbua macho katika somo lililonishinda darasani.

Barghash, mwana wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa yapata mwaka 1837. Mwaka 1859 aligombea ufalme na nduguye Majid, akashindwa, akapelekwa Bombay. Majid alipofariki mwaka 1870, yeye ndiye aliyetawala. Mwaka 1873, kwa kushurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la Mkunazini. Na mwaka 1875 alizuru Uingereza. Kisha mwaka 1879 alitandika reli ya maili 7, yaani kama kilomita 11, kutoka jumba lake la mjini hata jumba lake la Chukwani. Kwanza mabehewa yalikokotwa na nyumbu. Mwaka 1881 akaagiza garimoshi dogo kutoka Uingereza.

Hapo ndipo penye somo. Nyumbu huvuta mbele, na gurudumu hufuata kwa kuzunguka. Katika garimoshi mambo ni kinyume: mvuke husukuma pistoni mbele na nyuma, mkono wa chuma huligeuza gurudumu, na gurudumu likizunguka juu ya reli hulipeleka gari mbele. Mwendo wa kunyooka huwa wa mzunguko, na wa mzunguko hurudi kuwa wa kunyooka.

Je, kwa kipimo gani? Nilitia alama ya chaki kwenye mpira wa baiskeli yangu, nikaisukuma mpaka alama ikagusa chini tena. Ilikwenda mita 2.2, sawasawa na mzingo wa gurudumu. Basi mizunguko 5,000 ingetosha kunifikisha Chukwani. Na gurudumu likizunguka mara moja kila sekunde, ningekwenda karibu kilomita 8 kwa saa.

Lakini lililonishinda hasa ni hili: vipi gurudumu zima lizunguke pamoja, na sehemu zake zisiwe na kasi moja? Niliipindua baiskeli, nikafunga nyuzi mbili kwenye spoki moja, mmoja karibu na kitovu na mwingine ukingoni, nikalizungusha gurudumu. Nyuzi zote mbili zilimaliza mzunguko kwa wakati mmoja, lakini ule wa ukingoni ulikuwa na njia ndefu zaidi. Uzi ukiwa mbali na kitovu mara mbili, kasi yake nayo ni mara mbili. Nikafahamu.

Sayyid Barghash alifariki Machi 1888, na baada yake reli iling'olewa na garimoshi likavunjwa. Sehemu ya Beit-el-Ajaib nayo iliporomoka Desemba 2020. Kanuni ya gurudumu, hata hivyo, haivunjiki. Mwenzangu uliyeshindwa kama mimi, usikate tamaa: chukua chaki na baiskeli, ukajaribu mwenyewe.