Erwin Rommel: Jemadari Aliyeishiwa Petroli

Miongoni mwa majemadari wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ni wachache waliosifiwa na adui zao kama Erwin Rommel, Mjerumani aliyepigana katika majangwa ya Libya na Misri toka mwaka 1941 hadi 1943. Kwa hila zake Waingereza walimwita Mbweha wa Jangwani. Walakini anayetaka kuyafahamu maisha yake sharti atazame pia jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita upesi, nalo ni petroli: jinsi ilivyoletwa, jinsi ilivyoliwa na magari, na jinsi ilivyopotea njiani kabla ya kufika tangini.

Rommel alizaliwa tarehe 15 Novemba, 1891, huko Heidenheim, kusini mwa Ujerumani, akiwa mwana wa mwalimu wa shule. Aliingia jeshini mwaka 1910, na Oktoba 1917, katika milima ya mpaka wa Italia, aliongoza kikosi kidogo cha askari wa miguu kikateka maelfu ya Waitaliano kwa muda usiozidi siku tatu. Siri yake ilikuwa moja tu, kusonga mbele upesi hata adui asipate nafasi ya kuvuta pumzi. Mwaka 1937 alitoa kitabu juu ya mapigano yake, nacho kilimpendeza Hitler. Mwaka 1940 akapewa divisheni ya vifaru iliyopita Ufaransa kama mafuriko. Hapa yafaa tuseme wazi kwamba alimtumikia mtawala dhalimu, na kupanda kwake cheo kulitokana kwa sehemu kubwa na upendeleo wa mtawala huyo.

Ufaransa ni nchi ya barabara njema, na masafa yake si marefu. Libya ilikuwa jambo jingine kabisa. Rommel alipotua Tripoli Februari 1941, mbele yake palikuwa na barabara moja ya pwani. Kutoka Tripoli hadi Benghazi ni kiasi cha kilomita 1,000, na kutoka Benghazi hadi El Alamein, huko Misri, ni kama kilomita 1,000 nyingine. Hapakuwa na reli ya kuunganisha miji hiyo.

Wakubwa wake walimwagiza angoje. Yeye akaanza kushambulia mwezi Machi. Mapema Aprili kamanda wa divisheni yake ya mbele, Jenerali Streich, alimweleza kwamba magari yake yamekaukiwa, na kwamba atahitaji siku nne kuleta petroli. Rommel hakukubali. Aliamuru malori yote yashushwe mizigo papo hapo mchangani, yarudi nyuma kuchota petroli, na kazi iishe kwa muda wa saa 24. Divisheni nzima ikabaki jangwani bila gari la kuibeba, na laiti adui angetambua, ingenaswa kama kuku aliyefungwa miguu. Adui hakutambua. Rommel akafanikiwa, na Streich, ambaye kwa maoni yangu alisema kweli tupu, baadaye aliondolewa katika ukamanda wake.

Na tufanye hesabu ndogo ambayo dereva yeyote wa jeshi anaweza kuifanya. Chukua lori la kubeba tani 3 za petroli. Tukisema linatumia lita 35 kwa kila kilomita 100 katika njia mbovu, basi safari ya kilomita 2,000 kwenda na 2,000 kurudi italila lita 1,400, yaani kama tani moja. Theluthi ya shehena imekwisha kwa kulibeba lori lenyewe. Kisha kipo kifaru kinachongojea mbele. Kifaru cha kati cha Kijerumani cha siku zile, Panzer III, kilikuwa na tangi la lita 320, na barabarani kilikwenda kama kilomita 155 tu, maana yake lita 2 na zaidi kwa kila kilomita. Kikiingia mchangani kiliishiwa mapema zaidi. Wanahistoria wa uchukuzi wa vita wamekadiria kwamba baina ya asilimia 30 na 50 ya petroli iliyoshushwa bandarini kwa ajili ya majeshi ya Rommel ilitumika au kupotea kabla ya kufika kwenye mapigano.

Kupotea huku kunahitaji maelezo, kwa kuwa askari aliyewahi kukabidhiwa ghala la mafuta anajua uchungu wa kukuta daftari linasema hivi na pipa linasema vingine. Petroli haingoji kuchemka ndipo igeuke mvuke. Hufuka wakati wote, na joto huongeza kasi. Sehemu nyepesi ndizo zinazotangulia kutoroka, nazo ndizo zinazosaidia injini kuwaka upesi. Tena petroli huvimba: ikizidi joto kwa digrii 10 huongezeka kiasi cha sehemu moja katika mia. Mchana chombo kisichofungwa barabara hutoa mvuke nje. Usiku kikipoa huvuta hewa ndani. Kesho yake hutoa tena. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini ukitafuta moto.

Katika jambo hili, ajabu ni kwamba Wajerumani ndio waliokuwa na chombo bora. Waingereza walibeba petroli katika madebe, yale yale ya galani 4 ambayo katika Afrika Mashariki tumeyatumia miaka mingi kuchotea maji na kupimia mahindi. Debe la bati jembamba lilikuwa rahisi kutengeneza, lakini likitikiswa ndani ya lori lilipasuka kwenye maungio, petroli ikavuja au kufuka. Wakuu wa Uingereza wenyewe walikadiria kwamba kama asilimia 30 ya petroli yao ilipotea baina ya ghala na mtumiaji. Madebe matupu askari waliyakata, wakatia mchanga na petroli, wakachemshia chai, jambo ambalo halikupunguza matumizi.

Wajerumani walikuwa na kopo la lita 20 lililoundwa kabla ya vita. Lilishindiliwa vipande viwili vya chuma vikaunganishwa kwa moto, likawekwa mishikio mitatu ili hata watu wawili waweze kulibeba, na kifuniko kinachofungwa kwa mkono bila spana. Juu liliachiwa nafasi ya hewa ili petroli ikivimba isilipasue. Makopo ya maji yalipigwa alama ya msalaba mweupe yasichanganywe na ya petroli. Waingereza walipoyateka waliyathamini sana, kisha wakayaiga. Askari wao walikuwa na kawaida ya kumwita Mjerumani Jerry, na ndiyo asili ya jina jerikeni tunalolitumia hadi leo. Vijana wa Afrika Mashariki waliopelekwa Misri na Libya katika vikosi vya kazi vya Waingereza waliviona vyombo hivyo viwili kwa macho yao.

Lakini kopo jema halifupishi njia. Mwishoni mwa Mei 1942, katika mapigano ya Gazala, vifaru vya Rommel viliishiwa petroli nyuma ya mistari ya Waingereza. Yeye mwenyewe alirudi akautafuta msafara wa malori, akauongoza kupita mabomu ya ardhini hadi kwa askari wake. Ushujaa ulikuwa mkubwa, ingawa ni ajabu kumwona kamanda wa jeshi zima akifanya kazi ya sajini wa uchukuzi. Tarehe 21 Juni akaiteka Tobruk, pamoja na wafungwa zaidi ya 30,000, magari kama 2,000 na zaidi ya tani 1,000 za petroli. Hitler akampandisha kuwa Jemadari Mkuu.

Petroli hiyo ya ngawira ndiyo iliyompoteza. Mpango ulikuwa kwamba baada ya Tobruk kisiwa cha Malta kivamiwe kwanza, maana kutoka huko ndege na manowari za Waingereza ziliwinda meli za mafuta. Rommel alimshawishi Hitler waahirishe, ili yeye aifukuze Misri hadi mto Nile. Wenzake, akiwamo Kesselring, hawakuafiki. Mapema Julai alikwama El Alamein. Alipojaribu tena mwishoni mwa Agosti, huko Alam el Halfa, alianza akitegemea meli ambazo hazijafika. Moja, San Andrea, ilizamishwa siku ile ile ya tarehe 30. Siku chache baadaye akarudi nyuma, magari yakihesabiwa kwa lita.

Oktoba 23, Montgomery aliposhambulia, Rommel alikuwa mgonjwa Ulaya. Alirejea tarehe 25 usiku, na kesho yake meli ya mafuta Proserpina ikazamishwa karibu na Tobruk. Vifaru vyake havikuweza kuhamishwa huku na huko kwa kuhofia kwamba vikienda upande mmoja havitakuwa na petroli ya kurudia. Novemba 4 akaanza kurudi magharibi kwa njia ile ile ndefu. Daima aliwalaumu Waitaliano kwa habari ya meli. Lawama hiyo ina ukweli kwa miezi ile ya mwisho. Lakini kwa muda mrefu kabla yake, mafuta yalikuwapo bandarini na kilichoyazuia ni kilomita alizoziongeza mwenyewe.

Aliondoka Afrika Machi 1943, na askari wake waliobaki walisalimu amri Tunisia mwezi Mei. Mwaka 1944 aliilinda pwani ya Ufaransa, na Julai 17 gari lake lilipigwa na ndege, akajeruhiwa kichwani. Baada ya jaribio la kumuua Hitler, lililofanyika siku tatu baadaye, alishukiwa kuwa pamoja na wala njama. Tarehe 14 Oktoba majenerali wawili walifika nyumbani kwake Herrlingen, wakampa hiari: sumu au mahakama, na jamaa zake wangesalimika iwapo angechagua sumu. Aliagana na mkewe na mwanawe wa miaka 15, akapanda gari lao. Gari halikwenda mbali na nyumba. Serikali ikatangaza kwamba amekufa kwa majeraha, ikamzika kwa heshima zote.