Johannes Kepler: Mwanafalaki aliyekataa kupuuza kosa dogo

KWA takriban miaka 2,000, wasomi wa falaki walishikilia kwamba vitu vya angani husafiri kwa mwendo wa duara, wala si vinginevyo. Duara, kwao, ndilo lililokuwa umbo kamilifu, na mbinguni hapakufaa kuwa na kasoro. Hata Copernicus, aliyetangaza mwaka wa 1543 kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, hakuthubutu kuliacha duara hilo. Aliyeliacha ni mwana wa askari wa kukodiwa, tena mwenye macho dhaifu.

Johannes Kepler alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 mjini Weil der Stadt, kusini mwa Ujerumani. Babake alikuwa akienda vitani kwa malipo, na hatimaye akaondoka asirejee tena. Utotoni Kepler aliugua ndui, maradhi yaliyomharibia macho na mikono. Katika Chuo Kikuu cha Tübingen alikusudia kuwa mhubiri wa Kilutheri, ila mwalimu wake, Michael Mästlin, akamfunulia mafundisho ya Copernicus. Mwaka wa 1594 alipelekwa Graz, Austria, kufundisha hisabati.

Mnamo 1600, watawala Wakatoliki wa Graz waliwataka Walutheri wabadili dini au wahame. Kepler akahama. Alikimbilia Prague kwa Tycho Brahe, mwanafalaki tajiri kutoka Denmark ambaye kwa miaka mingi alikuwa amepima mahali pa nyota na sayari kwa macho matupu na vyombo vikubwa, kwani darubini ilikuwa bado haijabuniwa. Hakuna aliyekuwa na vipimo bora kuliko vyake. Hata hivyo, Brahe alivilinda kama bahili alindavyo hazina, akimgawia mgeni wake kidogo kidogo. Alipofariki Oktoba 1601, Kepler aliharakisha kuvitwaa kabla ya warithi kuvizuia, akateuliwa kuwa mwanahisabati wa Kaizari Rudolf wa Pili. Mshahara wa cheo hicho ulikuwa mnono kwenye karatasi, lakini aghalabu haukulipwa.

Kazi aliyokabidhiwa ilikuwa kuitafuta njia ya sayari ya Mirihi. Aliirudia hesabu yake angalau mara 70, kwa mkono, hadi akapata duara lililoelekea kufaa. Alipolilinganisha na vipimo vingine vya Brahe, akakuta tofauti ya dakika nane za pembe. Digrii moja ina dakika 60. Kwa hivyo dakika nane angani ni kama robo tu ya upana wa mwezi mpevu. Mwingine angalidai kwamba Brahe alikosea kupima, kisha akachapisha kitabu chake na kwenda zake. Kepler alijua Brahe hakuwa mtu wa kukosea kiasi hicho. Akaitupa kazi ya miaka kadhaa, akaanza upya.

Mwaka wa 1605 alipata jibu: njia ya Mirihi ni duaradufu, na jua halikai katikati yake bali kando kidogo. Hiyo ndiyo kanuni yake ya kwanza. Ya pili, aliyokuwa ameigundua mbele ya hiyo, yasema kwamba mstari kutoka jua hadi sayari hufagia maeneo yaliyo sawa katika muda ulio sawa. Yaani sayari huenda kasi inapolikaribia jua na kujikokota inapokuwa mbali. Zote mbili zilichapishwa mwaka wa 1609.

Ya tatu ilimjia mwaka wa 1618 akiwa Linz, vita vya miaka 30 vikianza kuiteketeza Ulaya. Inafungamanisha muda wa sayari kulizunguka jua na umbali wake. Mfano ni Mshtarii, iliyo mbali na jua mara 5.2 kuliko dunia. Chukua 5.2 mara 5.2 mara 5.2, upate takriban 140.6. Mwaka wa Mshtarii ni miaka 11.86 ya dunia, zidisha 11.86 kwa 11.86, nayo ni karibu 140.7. Sayari zote hutii uwiano huo. Kwa nini zitii, Kepler hakupata kueleza. Newton ndiye aliyeonyesha mwaka wa 1687 kwamba chanzo ni nguvu za uvutano.

Wakati huohuo mamake, Katharina, ajuza wa zaidi ya miaka 70, alikuwa ameshtakiwa kwa uchawi. Jirani alidai kwamba kinywaji alichopewa naye ndicho kilichomletea maradhi. Bi kizee huyo alikamatwa Agosti 1620, akafungwa minyororo kwa miezi 14. Kepler aliacha shughuli zake, akasafiri hadi Ujerumani na kuyajibu mashtaka moja baada ya jingine kwa maandishi marefu. Katharina alionyeshwa vyombo vya mateso ili akiri, hakukiri. Aliachiliwa Oktoba 1621, akafa miezi michache baadaye.

Mwaka wa 1627 Kepler alitoa majedwali ya mwendo wa sayari yaliyoyashinda yote ya awali kwa usahihi. Novemba 1630 alisafiri hadi Regensburg, akitumai kulipwa malimbikizi ya mshahara wake. Alishikwa na homa na kufariki tarehe 15. Makaburi aliyozikwa yaliharibiwa vitani, na kaburi lake halijulikani lilipo.

Alikuwa ametabiri kwamba tarehe 7 Novemba 1631 sayari ya Utaridi ingepita mbele ya jua. Siku hiyo, jijini Paris, Pierre Gassendi aliiona ikipita, kidoa cheusi kidogo mno, mwaka mmoja kasoro siku nane tangu Kepler afe.