Archie Cochrane

Archibald Leman Cochrane (12 Januari 1909 - 18 Juni 1988) alikuwa daktari na mtafiti kutoka Uskoti. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchunguza jinsi vumbi la makaa ya mawe linavyoharibu mapafu ya wachimbaji.

Maisha

Alizaliwa Galashiels. Baba yake aliuawa vitani huko Gaza mwaka 1917. Alisoma Cambridge na London, akakatiza masomo ya udaktari ili kuhudumia majeruhi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania. Mwaka 1941 alitekwa na Wajerumani katika kisiwa cha Krete, akawa daktari wa mateka wenzake, wengi wao wakiwa na kifua kikuu ambacho wakati ule hakikuwa na dawa ya maana.

Utafiti

Mwaka 1948 alijiunga na kituo cha utafiti wa maradhi ya vumbi karibu na Cardiff, Wales. Vumbi la makaa likivutwa kwa miaka mingi hubaki mapafuni na kufanya madoa madogo. Kwa baadhi ya wachimbaji madoa hayo huwa kovu kubwa, hata baada ya kuacha kazi, na kupanda kilima kidogo tu huwa taabu.

Wengi walidhani kinacholeta kovu ni kifua kikuu. Cochrane alilinganisha mabonde mawili: Rhondda Fach, ambako wagonjwa wa kifua kikuu walitafutwa na kutibiwa, na Aberdare, ambako hilo halikufanyika. Wasaidizi wake, wakiwemo wachimbaji wa zamani, walifuata watu majumbani hadi karibu watu wazima 9 kati ya 10 wa Rhondda Fach wakapigwa picha za eksirei. Dhana ile haikuthibitika. Kilichoonekana ni kwamba vumbi likizidi mapafuni, hatari ya kovu nayo huzidi. Kwa hiyo kinga ilipaswa kuanzia mgodini, si hospitalini.

Kitabu chake cha mwaka 1972 kilidai kila tiba ipimwe kwa majaribio ya haki. Shirika la Cochrane, lililoanzishwa mwaka 1993, lina jina lake.

Tanzania

Katika mgodi wa makaa wa Kiwira, watafiti wa Tanzania na Norwei walikuta kwamba wanaofungua njia mpya chini ya ardhi ndio wanaovuta vumbi zaidi. Mkoa wa Manyara, wenye wilaya za Mbulu na Hanang, hauna migodi ya makaa, lakini Mererani wachimbaji wa tanzanaiti huvuta vumbi la mawe na grafiti. Baadhi yao hufikishwa hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, wakiwa na ugonjwa wa vumbi na kifua kikuu kwa pamoja.