Josiah Wedgwood, Mfinyanzi wa Burslem

Josiah Wedgwood alizaliwa mwaka 1730 katika mji mdogo wa Burslem, nchi ya Uingereza. Wazee wake walikuwa wafinyanzi. Baba yake alikufa mwaka 1739, na baadaye Josiah akafundishwa kazi hiyo na kaka yake.

Alipokuwa mtoto alipatwa na ndui. Alipona, lakini goti lake la kuume likadhoofika, hata ikawa shida kulizungusha gurudumu la mfinyanzi kwa mguu. Basi akautumia wakati wake kuchunguza udongo na rangi, akiandika kila jaribio katika kitabu. Mwisho akapata vyombo laini, vyenye weupe wa malai. Mwaka 1765 Malkia Charlotte aliagiza vyombo vya chai kwake, na baada ya hapo vikaitwa vyombo vya Malkia. Watu wengi wakavitamani.

Lakini njia za Burslem zilikuwa mbovu. Vyombo vilichukuliwa juu ya migongo ya farasi, na vingi vilivunjika kabla ya kufika sokoni. Wedgwood akatambua ya kuwa ustadi pasipo njia hauwalishi watu. Akashirikiana na wenziwe kudai barabara njema, kisha mfereji wa kupitisha mashua. Mwaka 1766 yeye ndiye aliyechimba udongo wa kwanza wa mfereji huo, nao ulimalizika mwaka 1777.

Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1768, mguu wake mbovu ulikatwa. Hakukata tamaa. Mwaka uliofuata alifungua kiwanda kikubwa mahali mfereji utakapopita, akakiita Etruria, akajenga na nyumba za wafanyakazi. Mchongaji John Flaxman alimtengenezea mifano ya mapambo. Mwaka 1774 alimaliza vyombo 952 vya Catherine, malkia wa Urusi, vilivyopambwa kwa picha za mashamba na majumba ya Uingereza.

Wedgwood alikufa mwaka 1795, naye alikuwa tajiri. Walakini faida haikuwa yake peke yake. Wafinyanzi wengine nao walipitisha vyombo vyao katika mfereji ule. Wachoraji, wachimbaji na wenye mashua wakapata riziki. Miji ile midogo ilizidi kukua, hata mwaka 1910 Burslem na mingine mitano ikaunganishwa kuwa mji mmoja, Stoke-on-Trent. Uzuri uliotoka katika udongo uliwapa wengi chakula.