Sir Thomas Lewis: Daktari wa moyo aliyechunguza vidole vilivyolowa

Thomas Lewis alizaliwa mwaka 1881 mjini Cardiff, Wales. Utotoni alipenda mazingaombwe, na inaelezwa kuwa daktari wa familia yao, aliyeijua michezo hiyo, ndiye aliyemvutia kwenye udaktari. Alisomea Cardiff, kisha katika hospitali ya University College, London.

Alipata sifa kwa kipimo cha umeme wa moyo, ECG, ambacho leo kinatumika duniani kote. Mwaka 1927, akiwa na miaka 45, alipata shambulio la moyo, akaacha sigara alizokuwa akivuta kwa wingi. Katika miaka hiyo alikuwa amezama pia katika kuchunguza mishipa midogo ya damu kwenye ngozi.

Mwaka 1936, yeye na mwenzake George Pickering walieleza jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Kwa wagonjwa walioumia mshipa wa fahamu wa mkono, vidole vilivyohudumiwa na mshipa huo havikukunjamana vilipolowekwa majini. Kama ngozi ingekuwa inalowa na kuvimba tu, vidole vyote vingekunjamana sawa.

Uchunguzi wa baadaye ulifafanua zaidi. Maji huingia kupitia vitundu vya jasho, mishipa ya fahamu huamka, na mishipa ya damu ya kidole husinyaa. Nyama ya ndani hupungua, ngozi ya juu ikabaki na makunyanzi.

Je, makunyanzi hayo yanasaidia kushika vitu? Utafiti wa Newcastle, Uingereza, mwaka 2013 ulionyesha kuwa watu wenye vidole vilivyokunjamana walihamisha vitu vyenye maji haraka zaidi. Mwaka uliofuata, watafiti wa Ujerumani hawakuona tofauti. Mjadala haujafungwa.

Lewis alifariki mwaka 1945 kwa ugonjwa wa moyo, lakini alichokiona kinatufaa hadi leo. Mzazi, makunyanzi ya mwanao baada ya kuoga si ugonjwa, yataisha yenyewe. Ila kama alijikata mkononi na sasa kidole kimoja hakikunjamani kama vingine, au kina ganzi, mpeleke hospitali mapema. Nawe mwenye kisukari, au mwenye baka lisilo na hisia kwenye ngozi, usijipime kwa maji ya moto, utaungua bila kujua. Fika kituo cha afya upimwe.