Coleridge-Taylor: Mtunzi aliyeuza utajiri wake kwa pauni 15

KATIKA historia ya muziki wa klasiki wa Ulaya, watunzi wenye asili ya Afrika ni wa kuhesabika. Mmoja wao ni Samuel Coleridge-Taylor, Mwingereza ambaye kazi yake iliimbwa na maelfu ya watu, ilhali yeye mwenyewe alifariki dunia akiiacha familia yake karibu mikono mitupu.

Alizaliwa Agosti 15, 1875, katika eneo la Holborn, jijini London. Baba yake, Daniel Taylor, alikuwa mzaliwa wa Sierra Leone aliyekwenda Uingereza kusomea udaktari, akarejea Afrika Magharibi kabla mtoto hajazaliwa. Mama yake, Alice Martin, Mwingereza, ndiye aliyempa mwanawe jina la kumkumbuka mshairi Samuel Taylor Coleridge, akamlea Croydon, kusini mwa London, kwa msaada wa jamaa zake.

Fidla ndiyo iliyomfungulia milango. Mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 15, alipokewa katika Chuo cha Kifalme cha Muziki, London. Baadaye aligeukia utunzi, akifundishwa na Charles Villiers Stanford. Mwaka 1898 tamasha la Three Choirs, lililofanyika Gloucester, lilimtaka Edward Elgar atunge kazi mpya. Elgar, aliyekuwa amebanwa na shughuli, alipendekeza nafasi hiyo apewe kijana huyo.

Novemba 11 mwaka huohuo, Stanford aliongoza onyesho la kwanza la Hiawatha's Wedding Feast, utunzi wa kwaya na okestra uliotokana na shairi la Mmarekani Henry Longfellow. Mtunzi mkongwe Arthur Sullivan alihudhuria licha ya kuugua. Katika muda mfupi kazi hiyo ilivuma Uingereza na ng'ambo, na nakala zake ziliuzwa kwa wingi usio wa kawaida.

Hata hivyo, faida hiyo haikumfikia. Kijana huyo alikuwa ameuza haki zote za kazi hiyo kwa wachapishaji kwa pauni 15 na shilingi 15 tu, bila mrabaha. Ili aikimu familia yake, yaani mkewe Jessie, aliyemuoa mwaka 1899, na watoto wawili, alilazimika kufundisha, kuongoza kwaya na kusimamia mashindano ya muziki bila kupumzika.

Mwaka 1900 alishiriki Mkutano wa Umoja wa Waafrika uliofanyika London. Nchini Marekani, waimbaji weusi wa Washington waliunda kwaya yenye jina lake, na mwaka 1904 alikwenda kuiongoza. Katika ziara hiyo alipokewa Ikulu na Rais Theodore Roosevelt, heshima iliyokuwa adimu kwa mtu mweusi wakati huo. Mwaka uliofuata zilichapwa tuni zake 24 za piano, zilizojengwa juu ya nyimbo za Afrika na za Wamarekani weusi.

Mwishoni mwa Agosti 1912 alianguka katika kituo cha treni cha West Croydon. Siku chache baadaye, Septemba 1, alifariki dunia kwa homa ya mapafu akiwa na umri wa miaka 37. Mfalme George V alimpa mjane wake pensheni ya pauni 100 kwa mwaka.

Kati ya mwaka 1924 na 1939, Hiawatha ilikuwa ikionyeshwa karibu kila mwaka katika Ukumbi wa Royal Albert, mamia ya waimbaji wakiwa wamevaa mavazi ya kuigiza. Kisha jina lake likafifia. Opera yake, Thelma, iliyodhaniwa kupotea, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2012 huko Croydon, karne moja baada ya kifo chake.

Kisa chake hutajwa mara nyingi katika historia ya kupigania haki za watunzi nchini Uingereza, ambako mwaka 1914 kiliundwa chama cha kuwakusanyia malipo kila kazi zao zinapopigwa hadharani. Kwake yeye, chama hicho kilichelewa kwa miaka miwili.